Masinde Muliro: Mzee wa Kitale aliyeaga kabla ya kura aliyoipigania

MSAFIRI anayeingia nchini kupitia kituo cha mpakani cha Suam, akaiacha Uganda nyuma yake, hushika njia ya Endebess na Kitale huku Mlima Elgon ukiwa upande wake wa kulia na mashamba ya mahindi yakiwa yametanda kila anapotupa jicho. Ardhi hiyo, ambayo leo inalisha sehemu kubwa ya taifa, ilikuwa ya walowezi wa Kizungu enzi za ukoloni, na Mwafrika aliikanyaga kama kibarua au skwota tu. Msafiri huyo akipita Kitale na kukata kusini kuelekea Kimilili, atafika katika maeneo ya Matili, alikozaliwa Henry Pius Masinde Muliro mnamo Juni 30, 1922.

Siasa za Muliro ziliegemea pande hizo mbili maisha yake yote: Bungoma iliyomzaa, na Trans Nzoia iliyompa shamba, kura na cheo cha Mzee.

Jina lake halijapotea. Limeandikwa kwenye lango la Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro mjini Kakamega, kilichopata hadhi kamili mwaka wa 2007. Limepewa bustani ya umma katika mji uo huo, na uwanja wa michezo wa Kanduyi mjini Bungoma. Hata hivyo, kukumbukwa kwa jina ni jambo moja na kukumbukwa kwa mtu ni jambo jingine. Bustani ya Muliro ilivuma mitandaoni katika miaka ya 2010 kwa vituko vya wapenzi, na si ajabu kumpata kijana anayelicheka jina hilo bila kujua kwamba aliyekuwa nalo alitiwa mbaroni akiwa na umri wa karibu miaka 70 kwa kudai haki ya kuwa na chama cha pili nchini.

Kuna na kosa jingine ambalo sisi tuliozeeka katika vyumba vya habari tumelisahihisha mara nyingi hata tukachoka. Waandishi chipukizi humchanganya Masinde Muliro na Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa aliyefariki mwaka wa 1987. Wote wawili walitoka upande wa Kimilili, wote walikuwa Wabukusu, na wote walikosana na serikali. Lakini njia zao zilitengana mapema. Elijah alitaka watu warudi kwa mizimu ya wahenga na Mzungu afunge virago. Muliro, aliyefiwa na wazazi akiwa mdogo na kulelewa na kaka yake, alikuwa zao la shule za misheni za Kikatoliki, magharibi mwa Kenya na ng'ambo ya mpaka nchini Uganda. Polisi walipowafyatulia risasi wafuasi wa Msambwa huko Malakisi mnamo Februari 1948 na kuwaua watu kadhaa, Muliro alikuwa kijana wa miaka 25 aliyekuwa akitafuta elimu ya juu.

Aliipata Afrika Kusini. Mwaka wa 1949 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town, mwaka mmoja tu baada ya chama cha National kushika madaraka na kuanza kuujenga ubaguzi wa rangi kwa sheria, kifungu baada ya kifungu. Haihitaji bidii kuwaza kile ambacho kijana kutoka Kimilili alijifunza nje ya darasa katika miaka hiyo. Aliona jinsi bunge linavyoweza kutumiwa kuwanyima watu haki huku kila kitu kikifanywa kwa utaratibu, kwa kura na kwa mhuri. Aliporejea mwaka wa 1954 akiwa na shahada, alifundisha katika shule ya wasichana ya Alliance na baadaye chuo cha walimu cha Siriba, Maseno, kabla ya kuitupa chaki na kuingia katika siasa.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipata fursa ya kuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima. Muliro alikitwaa cha Nyanza Kaskazini kwa kumbwaga W.W.W. Awori, mwanasiasa na mwanahabari aliyekuwa na jina kubwa wakati huo. Wenzake saba walikuwa Tom Mboya, Jaramogi Oginga Odinga, Lawrence Oguda, Ronald Ngala, Bernard Mate, James Muimi na mwalimu mmoja kutoka Baringo aliyeitwa Daniel arap Moi. Wanane hao walikataa vyeo vya uwaziri walivyopewa chini ya katiba ya wakati huo, wakasema viti vinane havitoshi. Walifaulu. Mwaka uliofuata Waafrika waliongezewa viti sita.

Msomaji na aziweke akilini sura hizo mbili, Muliro na Moi, kwa maana historia ya miaka 35 iliyofuata iliwakutanisha, ikawaweka pamoja, kisha ikawatenganisha kabisa.

Muliro hakuwa mtu wa kufuata mkumbo. Mwaka wa 1959 aliongoza chama cha Kenya National Party, ambacho kilikuwa tayari kushirikiana na watu wa rangi nyingine, wakati Mboya na Odinga walikuwa na msimamo mkali zaidi. Mwaka wa 1960 KANU ilipoundwa, jamii ndogo zilihofia kumezwa na zile kubwa. Ndipo KADU ikazaliwa, Ngala akiwa rais wake, Muliro naibu wake, Moi mwenyekiti na Martin Shikuku katibu mkuu. Sera yao ilikuwa majimbo, yaani madaraka yagawanywe mikoani badala ya kurundikwa Nairobi. KADU ilipoingia serikalini mwaka wa 1961 Muliro alikabidhiwa wizara iliyosimamia biashara na viwanda, na alikuwa mezani London wakati katiba ya uhuru ilipokuwa ikijadiliwa katika jumba la Lancaster.

Wengi walioandika historia wakiwa upande wa washindi waliyaita majimbo ukabila uliovishwa suti. Kwa kiasi fulani walikuwa na haki, na Muliro mwenyewe aliyaonja machungu yake. Mipaka ya mikoa ilipochorwa mwaka wa 1962, Wabukusu walitaka Kitale na Trans Nzoia ziwe upande wa Magharibi. Marafiki zao wa KADU kutoka jamii za Wakalenjin walizitaka ziwe katika Bonde la Ufa. Tume iliwapa Bonde la Ufa. Ndani ya chama kimoja kulikuwa na ndoto mbili kuhusu shamba moja, na swali hilo la nani ni mwenyeji Trans Nzoia lilibaki limezikwa juujuu tu, likisubiri mvua.

Novemba 1964 KADU ilijivunja na kuingia KANU. Muliro akajikuta katika chama alichokipinga, na nchi ikawa na bunge lisilo na upinzani. Hapa hatuna budi kusema kweli: viongozi wa KADU, Muliro akiwemo, walishiriki kuufunga mlango ambao miaka 27 baadaye baadhi yao walitiwa pingu wakijaribu kuufungua.

Alipanda ngazi hadi akawa Waziri wa Ujenzi katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta. Kisha ukaja mwaka wa 1975.

Machi 2 mwaka huo Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini aliyependwa na wanyonge kwa jina la JM, alitoweka Nairobi. Mwili wake ulipatikana katika vilima vya Ngong. Bunge liliunda kamati ya uchunguzi na kumkabidhi uongozi kijana mwingine wa Bungoma, Elijah Mwangale. Ripoti ya kamati ilipoletwa bungeni mwezi Juni, serikali haikutaka ipitishwe, kwa sababu iliwagusa wakubwa wa usalama. Kila waziri alijua wajibu wake: kupiga kura na serikali au kujiuzulu kwanza. Muliro alipiga kura na wabunge wa nyuma. Ripoti ikapita. Manaibu mawaziri John Keen na Peter Kibisu walifanya vivyo hivyo, na wote watatu wakafutwa kazi mara moja.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, kura hiyo inastahili kukumbukwa kuliko mikutano yote aliyohutubia baadaye. Mwaka wa 1991 alikuwa na wenzake, alikuwa na mabalozi waliomsikiliza na magazeti yaliyomwandika. Mwaka wa 1975 alikuwa na gari la serikali la kupoteza, na hakuna aliyemwahidi chochote. Miezi michache baadaye, Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa na polisi ndani ya majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini, kwa sababu ya matamshi kwamba KANU ilikuwa imekufa. Huo ndio uliokuwa ujira wa ukaidi siku hizo.

Moi alichukua urais mwaka wa 1978 baada ya kifo cha Kenyatta. Wenzake wa zamani wa KADU huenda walitarajia mema. Juni 1982 katiba ilibadilishwa kwa kifungu cha 2A, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka wa 1988 wapiga kura walipanga mlolongo nyuma ya wagombeaji badala ya kutumia karatasi za siri, na mahali pengi mwenye mlolongo mfupi alitangazwa mshindi mchana kweupe. Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliojitokeza Mei 1990 kudai vyama vingi, waliwekwa kizuizini siku chache kabla ya mkutano wa Saba Saba, Julai 7, na damu ikamwagika mitaani.

Ndipo wazee waliposhika zamu. Agosti 1991 watu sita walitangaza kuundwa kwa FORD, jukwaa la kurejesha demokrasia. Walikuwa Odinga kutoka Nyanza, Muliro na Shikuku kutoka Magharibi, Philip Gachoka wa Mkoa wa Kati, George Nthenge wa Ukambani na Ahmed Salim Bamahriz wa Pwani. Idadi hiyo haikuwa bahati nasibu. Sheria ilihitaji kundi la watu kumi au zaidi lisajiliwe. Sita walikuwa wachache mno kuhesabiwa kuwa chama, na walikuwa wametawanyika vya kutosha kimajimbo kiasi kwamba serikali isingeweza kuwaita genge la kabila moja. Nyuma yao walisimama mawakili na wasomi vijana kama Paul Muite, James Orengo, Gitobu Imanyara, na kutoka nyumbani kwa Muliro, Michael Kijana Wamalwa na Mukhisa Kituyi. Rais Moi aliitangaza FORD kuwa haramu.

Jumamosi ya Novemba 16, 1991 waliitisha mkutano Kamukunji, Nairobi, bila kibali. Polisi waliufunga uwanja. Viongozi kadhaa walikamatwa, na baadhi yao wakapelekwa katika wilaya zao za nyumbani kufunguliwa mashtaka, mbinu iliyokusudiwa kuwatenganisha na umati wa jiji. Haikusaidia kitu. Siku kumi baadaye wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya kwa Kenya kwa muda wa miezi sita. Desemba 3 Moi aliwakusanya wajumbe wa KANU Kasarani. Wengi wao walisimama mmoja baada ya mwingine kuutetea mfumo wa chama kimoja, halafu Mwenyekiti akawatangazia kwamba kifungu cha 2A kitaondolewa. Kiliondolewa na Bunge mwezi huo huo. Januari 18, 1992 FORD ilirejea Kamukunji ikiwa chama halali, na umati uliofurika siku hiyo haukuwa umeonekana nchini kwa miaka mingi.

Habari hiyo ndiyo inayosimuliwa kila mwaka. Inayosimuliwa kwa nadra ni ile ya upande wa Suam na Endebess.

Mnamo Oktoba 29, 1991 mapigano yalizuka katika shamba la Meteitei, Nandi. Kufikia mwisho wa mwaka moto ulikuwa umefika Trans Nzoia na Mlima Elgon. Baadhi ya wanasiasa wa KANU katika Bonde la Ufa walikuwa wamehubiri majimbo tena, lakini haya hayakuwa yale ya Lancaster. Yalikuwa na maana ya kuwafukuza wageni na kura zao. Familia zilizonunua mashamba baada ya uhuru ziliambiwa zirudi zilikotoka. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, na waliokimbia walijazana Endebess, Kitale na Bungoma. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliripoti Septemba 1992 kwamba watu 779 walikuwa wameuawa kote nchini, na ikawataja kwa majina baadhi ya wakubwa. Bunge liliikataa ripoti hiyo.

Kwa Muliro hilo lilikuwa pigo la nyumbani. Neno alilolibeba hadi London kama kinga ya wanyonge lilikuwa limegeuzwa upinde na mshale dhidi ya majirani zake. Mkulima wa Endebess aliyeunguliwa ghala lake hakuwahi kuhutubia Kamukunji wala kuitwa na balozi yeyote, lakini gharama ya vyama vingi ilichukuliwa mlangoni pake.

Wakati huo huo FORD ilikuwa ikipasuka. Odinga, aliyekuwa amepita miaka 80, aliona zamu yake imefika. Matiba, aliyepata kiharusi kizuizini na kutibiwa London, alirejea Mei 1992 akiwa na uhakika huo huo. Muliro alikuwa makamu wa mwenyekiti, mtu ambaye pande zote mbili ziliweza kuketi naye. Wako wanaoamini kwamba angeweza kuwapatanisha. Wako hata wanaosema kwamba angekuwa mgombeaji wa maafikiano. Hayo hayawezi kuthibitishwa. Kinachojulikana ni kwamba Ijumaa ya Agosti 14, 1992, akirejea kutoka London alikokwenda kwa shughuli za chama, alianguka ghafla katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 70. Minong'ono kuhusu kifo hicho ilianza siku ile ile, na magharibi mwa Kenya haijakoma.

Kabla ya mwaka kwisha chama kilikuwa kimegawanyika kuwa FORD-Kenya ya Odinga na FORD-Asili ya Matiba. Shikuku alikwenda na Matiba. Wamalwa na wengi wa Bungoma na Trans Nzoia walibaki na Odinga. Desemba 29, 1992 Moi alishinda kwa karibu asilimia 36 ya kura. Matiba alipata 26, Mwai Kibaki 19 na Odinga 17.

Ajabu ni kwamba hesabu hiyo ilikuwa imekwisha kufanywa mahali pengine miaka mitano nyuma. Nchini Korea Kusini, wananchi waliandamana mwaka wa 1987 hadi wanajeshi waliotawala wakakubali rais achaguliwe moja kwa moja. Wapinzani wawili wakongwe, Kim Young-sam na Kim Dae-jung, walishindwa kuafikiana, kila mmoja akagombea, na Jenerali mstaafu Roh Tae-woo akapita katikati yao kwa asilimia 36 na ushei. Wakenya wachache walikuwa wakifuatilia siasa za Seoul wakati huo. Lau wangefuatilia, pengine wangeogopa.

Lakini hapo ndipo kufanana kunapokoma. Kim wa kwanza aliingia Ikulu mwaka wa 1993 na wa pili mwaka wa 1998, na mwaka wa 2000 huyo wa pili akatunukiwa Nobel ya Amani. Wakorea walipata muda wa kuwapima kwa vitendo vyao wakiwa watawala, wakawasifu kwa haya na kuwalaumu kwa yale. Muliro hakupimwa hivyo. Odinga alifariki Januari 1994. Wamalwa, aliyerithi uongozi wa FORD-Kenya, alifika hadi Makamu wa Rais mwaka wa 2003, akafariki London mwezi Agosti mwaka huo huo. Shikuku aliaga mwaka wa 2012. Waasisi wa FORD walikwenda bila kushika usukani, na mtu ambaye hakushika usukani ni rahisi kumgeuza sanamu. Kila chama kinachotafuta kura za Waluhya humtaja Muliro. Hakuna kinachobanwa na alichoamini.

Alichoamini kimerudi kwa mlango wa nyuma. Katiba ya 2010 ilizaa serikali za kaunti 47, kila moja na gavana na bajeti yake. Wazee wa KADU wangeitambua sura hiyo, ijapokuwa imebadilishwa jina ikaitwa ugatuzi. Trans Nzoia haiko tena chini ya Nakuru wala haikuwekwa chini ya Kakamega. Iko chini ya Kitale. Lile swali la mwaka wa 1962 likajibiwa kwa njia ambayo hakuna aliyeiwaza wakati huo.

Juni 1, 2024 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Bungoma, katika Uwanja wa Masinde Muliro uliokuwa umekarabatiwa kwa ajili ya siku hiyo. Aliyeongoza sherehe hizo ni Rais William Ruto, ambaye mwaka wa 1992 alikuwa miongoni mwa vijana wa YK'92 waliomkampenia Moi dhidi ya upinzani. Miongoni mwa vigogo wa serikali yake alikuwa Spika Moses Wetang'ula, mwana wa Bungoma na kiongozi wa FORD-Kenya, chama kilichobaki na sehemu ya jina la lile jukwaa la wazee sita. Gwaride lilipita, ndege za kijeshi zikapita, hotuba zikasomwa. Kutoka uwanjani hapo hadi Matili ni safari fupi ya gari.